Siku ya jua kali moto ulikufa wenyewe, siku ya baridi na upepo ukala kilima kizima. Hatari inatoka wapi hasa?

#1 Jani Kavu
Wakuu, habari zenu.

Ukimuuliza mtu yeyote nini kinaleta moto kichaa, jibu ni moja: jua kali. Mimi naona jua linasingiziwa. Nimeshuhudia mchana wa joto la kukausha koo, mtu anachoma mabua pembeni mwa msitu, moto ukatoka shambani, ukatambaa hatua chache kwenye nyasi, ukafa wenyewe. Msimu huohuo, siku ya baridi ambayo kila mtu kavaa sweta, cheche ikaruka kutoka kwenye jivu lililodhaniwa limezimika, na watu hawajakaa sawa kilima kizima kikawa cheusi. Nyasi zilezile, kilima kilekile. Tofauti niliyoiona mimi ni upepo, na hewa ya siku ile ilikuwa inapasua midomo.

Hoja yangu: joto ni msindikizaji tu. Wenye shughuli ni upepo, hewa kavu na majani yaliyokwisha kufa. Anayepinga aje na hoja.

#2 Fimbo Ndefu
Nakaa mbele hapa nisipitwe. Ila kwa kuanzia, mkuu, jua ndilo linalokausha hizo nyasi. Bila jua hiyo hewa kavu unaitoa wapi?

#3 Barometa
Mleta mada una ushahidi upande wako. Tarehe 30 Desemba 2021, jimbo la Colorado, Marekani, katikati ya majira ya baridi ya kule, moto ulioitwa Marshall uliteketeza nyumba zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Kilichoubeba ule moto ni nyasi, wala siyo msitu mnene. Upepo ulikuwa unapiga hadi zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Siku iliyofuata theluji ikaanguka. Jua kali hapo halikuwepo.

Jani likishakufa halina tena mzizi wa kulinywesha. Unyevu wake unaamuliwa na hewa inayolizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, kijiti kilichokufa hutulia kwenye maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 20, kijiti hichohicho kinabaki na asilimia 4 au 5. Na maji ndiyo breki ya moto: kabla jani halijashika, lazima maji yake yachemke yatoke, na kuyageuza mvuke kunakula joto jingi mno. Kwenye asilimia 16 moto wa nyasi unasuasua au unakataa kabisa. Kwenye asilimia 5, cheche inatosha.

#4 Swali Jingine
Barometa umechagua mfano unaokufaa, nami nachagua wangu. 7 Februari 2009, jimbo la Victoria, Australia, siku inayoitwa Jumamosi Nyeusi. Melbourne ilipima nyuzi 46.4. Watu 173 wakafa. Hapo pia joto lilikuwa msindikizaji?

Halafu hiyo asilimia ya unyevu inadanganya. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi. Ya nyuzi 35 inabeba karibu gramu 40. Sasa zote mbili zipe unyevu wa asilimia 30. Ya kwanza ina nafasi ya kunyonya gramu 12 zaidi, ya pili gramu 28. Kipimo kinasoma asilimia ileile, lakini kiu ya hewa ya moto ni zaidi ya mara mbili. Nani kaileta hiyo kiu kama siyo joto?

#5 Jani Kavu
Hesabu nzuri hiyo mkuu, naipokea. Ila haijaniambia kwa nini ile siku ya joto moto ulikufa.

#6 Pampu
Nimefanya kazi ya kuzima moto wa misitu, niseme kidogo.

Swali Jingine, ile Jumamosi ya 2009 joto lilikuwepo, tena kubwa, lakini soma ilivyokwenda. Mchana kutwa upepo ulitoka kaskazini magharibi, moto ukawa mrefu na mwembamba, kichwa kimoja mbele. Jioni upepo ukageuka, ukaanza kupiga kutoka kusini magharibi. Ule ubavu mrefu wa moto wote ukageuka kuwa kichwa. Watu waliokuwa wanadhani moto unawapita pembeni wakajikuta uko mbele yao. Kwetu sisi tulio mstari wa mbele, kugeuka kwa upepo ndiko tunakokuogopa kuliko nyuzi za joto.

Watu wanadhani upepo kazi yake ni kupuliza tu, kama kuleta hewa basi. Hapana. Unalaza ndimi za moto kwenye nyasi za mbele, kwa hiyo zile nyasi zinaanza kupikwa kabla moto haujafika. Unabeba vijinga na kuvitupa mbali. Ile siku ya 2009 vilianzisha moto mpya zaidi ya kilomita 30 mbele. Na kabla hata moto haujaanza, unaondoa ule mvuke unaotoka kwenye jani na kukaa juu yake, jani linaendelea kukauka.

Kuna kipimo cha haraka ambacho watafiti wamekipigia hesabu: msitu ukiwa mkavu hasa, kichwa cha moto kinakwenda kwa kasi ya kama sehemu ya kumi ya kasi ya upepo. Upepo wa kilomita 50 kwa saa, moto kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Nyasi zilizokauka kabisa weka mara mbili yake.

#7 Binti Asali
Asante Pampu. Hapo kwenye mvuke kukaa juu ya jani ndipo ninapoelewa kwa nini nguo kwenye kamba hukauka haraka siku ya upepo na mawingu kuliko siku ya jua lisilo na upepo.

Mimi ni mfugaji nyuki na nimepoteza mizinga kwa moto. Kilichoniuma ni kwamba asubuhi ile mvua ilinyesha. Siyo manyunyu, mvua ya kulowesha nguo. Jirani akasema leo ndiyo siku salama ya kuchoma takataka za shamba, ardhi ina maji. Saa saba mchana upepo ukaanza, saa tisa nyasi zikawa zinalia chini ya viatu. Alasiri moto ukaingia kwenye mizinga. Nilipofika, mti uliobeba mzinga mkubwa ulikuwa hata haujaungua gome, ila nyasi zote chini yake zimekwisha na mzinga umeanguka umepasuka, nta imetiririka hadi kwenye mizizi. Wataalamu, hayo maji ya asubuhi yalikwenda wapi?

#8 Barometa
Pole sana dada. Jibu liko kwenye unene.

Watu wa moto wanayagawa majani na miti iliyokufa kwa muda inaochukua kuifuata hewa. Bua au nyasi yenye unene usiofika milimita 6 huhesabiwa kwa saa moja: kila saa inayopita, inapoteza karibu theluthi mbili ya tofauti iliyopo kati ya unyevu wake na ule ambao hewa inautaka. Vijiti vya hadi sentimita mbili na nusu ni saa 10. Matawi ya hadi sentimita 7 na nusu hivi ni saa 100. Magogo ya hadi sentimita 20 ni saa 1,000, yaani wiki kadhaa.

Kwa hiyo mvua yako ya asubuhi ililowesha kila kitu, lakini nyasi ziliisahau kabla ya alasiri. Magogo huenda yalibaki na maji, na ndiyo maana gome la ule mti lilisalimika. Aliyechoma aliangalia ardhi. Ardhi haiungui, zinaungua nyasi zilizosimama juu yake na upepo unapita katikati.

#9 Fimbo Ndefu
Barometa umekwepa swali langu la namba 2. Na nina lingine. Wazee wetu walituambia siku za upepo matawi makavu husuguana hadi yanawaka. Mianzi hasa. Mbona hamsemi habari hiyo, mnataka kila moto uwe na mtu aliyeuwasha?

#10 Pampu
Fimbo Ndefu, kwa heshima ya wazee, mimi sijawahi kufuatilia chanzo cha moto nikaishia kwenye matawi mawili. Nafuatilia hadi pale ulipoanzia nakuta jivu la kupikia, shamba lililochomwa, walina asali wa mienge (Binti Asali usinikasirikie), au mti uliopigwa radi. Ukitaka kuwasha moto kwa kupekecha unahitaji kukandamiza sehemu ileile bila kuacha, na uwe na unga mkavu wa mti unaopokea ile cheche. Tawi linaloyumba huku na huko linapoa kila linapoachana na mwenzake.

#11 Fimbo Ndefu
Hujawahi kukuta haimaanishi hakuna. Moto ukipita, hayo matawi yaliyosuguana si yameungua? Ushahidi utaukuta wapi?

#12 Nguzo
Wazee wa Fimbo Ndefu labda waliona upepo unaanza kisha moto unaanza, wakaunganisha. Uhusiano upo kweli, ila siku hizi kinachosuguana ni nyaya.

Nafanya kazi na nyaya za umeme. Upepo ukiwa mkali waya unagusa mwenzake au unaangukiwa na tawi, zinatoka cheche za chuma kilichoyeyuka, zinadondokea kwenye nyasi zilizokauka na upepo tayari upo. Yaani kinachoanzisha moto na kinachoueneza kinafika pamoja. Ule moto wa Paradise, California, 8 Novemba 2018, uliua watu 85. Chanzo ni ndoano chakavu ya chuma, iliyodumu pale karibu miaka 100, iliyokatika na kuachia waya wa umeme. Ndoano hiyo ingekatika siku tulivu yenye ukungu, lingekuwa tatizo la kukosa umeme tu.

Na huo wa Marshall alioutaja Barometa namba 3, wachunguzi walipata sehemu mbili za kuanzia. Moja inahusishwa na waya wa umeme uliochomoka. Nyingine ilikuwa takataka zilizochomwa siku kadhaa kabla, zikafukiwa, zikabaki na makaa chini, upepo ulipokuja ukayafufua.

#13 Jani Kavu
Nguzo, hiyo ya makaa yaliyofukiwa inafanana kabisa na niliyoiona. Makaa yalikuwepo siku zote hizo hayana madhara. Aliyeleta msiba ni upepo. Mnaona sasa?

#14 Swali Jingine
Aliyeleta msiba ni aliyeacha makaa. Tusimsamehe mtu kwa kuusukumia upepo.

#15 Barometa
Fimbo Ndefu, sijakukwepa. Hewa kavu bila jua kali inatoka juu.

Hewa ikishuka kutoka mlimani inabanwa, na ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja inayoshuka. Chukua hewa iliyo mita 2,000 juu, ya nyuzi 5, yenye unyevu wa asilimia 60. Ishushe hadi usawa wa bahari. Inafika na nyuzi 25 hivi, mvuke ni uleule, unyevu umeporomoka hadi karibu asilimia 20. Haijapita jangwani, imeshuka tu. Pepo za Santa Ana za California ndivyo zilivyo, na zile zinazoshuka kutoka uwanda wa juu wa Afrika Kusini kwenda pwani wakati wa baridi yao. Ndiyo maana upepo na ukavu mara nyingi huja pamoja kwenye siku mbaya.

#16 Fimbo Ndefu
Hapo umenijibu. Ila umekiri mwenyewe kwamba imepata joto njiani!

#17 Swali Jingine
Fimbo Ndefu kanifanyia kazi yangu.

#18 Barometa
Joto lipo, sikulikana popote. Ninachosema ni kwamba kwa jani lililokufa, asilimia ya unyevu wa hewa ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa. Hesabu yako ya gramu namba 4, Swali Jingine, ina nguvu zaidi kwa mimea iliyo hai. Mti unavuta maji chini na kuyatoa majanini, hewa yenye kiu ya gramu 28 inaunyonya kuliko ya gramu 12, na ardhi ikiwa haina kitu mti unaanza kukauka ukiwa umesimama. Hilo ni suala la wiki na miezi. Nyasi ni suala la saa. Wewe na Jani Kavu mnabishana kuhusu vipimo viwili tofauti vya muda.

#19 Binti Asali
Na vichaka vibichi je? Mimi niliona kichaka cha kijani kibichi kinawaka kwa mlipuko, mafuta yanachurura. Sikuamini.

#20 Barometa
Mimea mingine ina mafuta na nta kwenye majani, mikaratusi ni mfano unaojulikana. Vichaka vya jamii ya Erika vinavyoota juu ya ukanda wa msitu Kilimanjaro navyo huwaka vikiwa vya kijani. Moto wa Oktoba 2020 ulipita sana kwenye ukanda huo wa juu. Kijani peke yake siyo kinga. Unatazama unyevu wa jani hai: likiwa changa linaweza kuwa na asilimia 150 au zaidi, mwisho wa kiangazi linashuka, na vichaka vingi vikikaribia asilimia 60 vinaanza kuungua kama vilivyokufa.

#21 Swali Jingine
Ngoja. Jani lina maji asilimia 150 ya nini? Asilimia 100 si ndiyo mwisho?

#22 Barometa
Asilimia ya uzito mkavu, nilivyosema namba 3. Unalipima bichi, unalikausha kwenye oveni, unalipima tena. Kama maji yaliyotoka ni gramu 15 na mabaki ni gramu 10, hiyo ni asilimia 150.

#23 Kipepeo wa Usiku
Nimesoma toka juu, uzi mtamu. Swali la pembeni: vipande vya chupa vinaweza kuwasha nyasi? Tulifundishwa hivyo shuleni.

#24 Nguzo
Kipande cha chupa iliyovunjika mara nyingi ni bapa au kimejikunja vibaya, hakikusanyi mwanga mahali pamoja. Chupa ya mviringo iliyojaa maji inaweza, lakini nyasi kavu lazima ikae umbali uleule mwanga unapokutana, na jua lisogee polepole lisiharibu. Inawezekana ila usiiweke juu ya orodha.

#25 Pampu
Naongeza radi hapo, maana Fimbo Ndefu atarudi kudai tunamsingizia binadamu. Kuna radi inayokuja na mvua isiyofika chini, matone yanakauka angani. Inapiga mti, mti unafuka ndani kwa ndani siku kadhaa, hakuna anayeona moshi. Upepo ukiingia ndipo unaona moto na unamtafuta mtu aliyepita njia ile jana.

#26 Fimbo Ndefu
Ahsante Pampu, angalau radi umeikubali.

Sasa nilete langu ambalo wote mmeliruka. Nyasi nyingi kiasi kile zinatoka wapi? Mimi ni mchungaji. Mwaka wa mvua haba, kiangazi kinakuta ardhi ina upara, moto hauna pa kupita. Mwaka wa mvua nyingi, nyasi zinafika kifuani, watu wanafurahi, kisha kiangazi zinakauka zote zimesimama. Miaka ya moto mkubwa niliyoiona mimi ni ile iliyofuata mvua nzuri. Kwa hiyo ukiniuliza hatari inatoka wapi, nitakujibu inatoka kwenye masika, na kwenye kuondoa mifugo mahali ilipokuwa inakula.

#27 Barometa
Fimbo Ndefu umeleta hoja nzito kuliko ile ya matawi. Los Angeles, Januari 2025, ilikwenda hivyohivyo: misimu miwili ya mvua nyingi ikaotesha vichaka na nyasi, kisha miezi ya mwisho ya 2024 mvua ikagoma kabisa, kisha upepo wa Santa Ana. Colorado vilevile, masika ya 2021 yalikuwa na mvua, nusu ya pili ya mwaka ikawa kavu kupita kawaida.

Na Lahaina, Hawaii, 8 Agosti 2023, watu zaidi ya 100 walikufa. Mashamba ya zamani ya miwa na mananasi yaliachwa, zikaota nyasi ngeni kama majani ya Guinea, ambayo asili yake ni Afrika. Mvua ikinyesha yanarefuka haraka sana, ikikatika yanakauka haraka vilevile. Siku ile upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani.

#28 Swali Jingine
Mimi sikubali masika yabebeshwe mzigo wote. Hiyo ni kanuni ya nyasi. Msituni ni kinyume, kule vya kuungua vipo mwaka wote, kinachokosekana ni ukavu. California ilipata ukame mkali wa miaka, na kati ya 2010 na 2017 walihesabu miti milioni 129 iliyokufa, mingine imemalizwa na mende wa magome baada ya kudhoofishwa na kiu. Hapo hakuna masika mazuri yaliyoleta hatari.

Tena tukiongelea nyasi na mifugo: karibu asilimia 70 ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, savana zaidi. Satelaiti zinaonyesha eneo hilo limekuwa likipungua, na sababu kubwa mojawapo ni kwamba savana inageuzwa mashamba. Huko moto ukitembea kidogo tu unakutana na shamba au barabara. Kwa hiyo mleta mada aongeze watu kwenye orodha yake, kwa pande zote mbili, ya kuwasha na ya kukata njia.

#29 Jani Kavu
Orodha inarefuka, sawa. Ila bado kila mfano mnaoleta, ukifika kwenye siku yenyewe ya maafa, upepo upo. Nileteeni moto mmoja mkubwa wa siku tulivu.

#30 Pampu
Upo. Mlima. Kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10, moto unaopanda unakwenda kasi mara mbili, upepo usiwepo kabisa. Ndimi zinakuwa karibu na nyasi za juu, zinazipika. Na moto mkubwa wa msituni unatengeneza upepo wake wenyewe: hewa ya moto inapanda, ya pembeni inavutwa kujaza, moshi unajijenga hadi kuwa wingu la radi. Nimesimama mbali na moto wa namna hiyo, nyasi za miguuni kwangu zilikuwa zimelala kuelekea motoni, na juu majani ya miti hayatikisiki.

#31 Kipepeo wa Usiku
Kwa hiyo kuchoma shamba usiku ni salama? Usiku upepo unatulia na umande unashuka.

#32 Fimbo Ndefu
Sisi tunachoma jioni miaka yote.

#33 Pampu
Inategemea umesimama wapi. Bondeni, ndiyo, hewa baridi inashuka na kukusanyika huko, unyevu unapanda, moto unalegea. Lakini katikati ya mteremko kuna ukanda unaobaki na joto usiku kucha, juu ya ile hewa baridi ya bonde. Huko nyasi hazipati umande, moto unaendelea kula usiku wa manane. Mtu wa bondeni anahisi ubaridi, anakwenda kulala. Na siku ya upepo unaoshuka mlimani, usiku haukupi nafuu yoyote, hewa inabaki kavu hadi alfajiri.

Kabla hujawasha chochote chukua nyasi iliyosimama, siyo iliyolala, ikunje. Ikijikunja bila kukatika ina maji. Ikikatika kwa sauti, acha. Kisha okota majani ya chini ya mti uyasugue kiganjani: ukipata unga juu na ubichi chini, moto utapita juujuu, ukipata unga hadi chini, utaingia ardhini na utakaa siku nyingi.

Ukimaliza kuchoma, pitisha mgongo wa mkono juu ya jivu lote, siyo kiganja, kiganja kina ngozi nene na ukiungua hushiki tena koleo. Penye joto fukua, mwaga maji, koroga, rudia. Usifukie tu kwa udongo. Na utabiri unaouhitaji ni wa siku zinazofuata, maana makaa yatausubiri upepo.

#34 Nguzo
Hiyo ya kurudia ichukuliwe kwa uzito. Lahaina ile, asubuhi moto mdogo ulizimwa, wazimaji wakaondoka, mchana upepo ukaufufua palepale. Hao ni watu wenye magari ya maji na mafunzo.

#35 Swali Jingine
Pampu, jaribio la nyasi linapima saa ile tu. Mtu atakunja nyasi saa mbili asubuhi ina umande, haikatiki, atawasha, na saa nane ndiyo hiyo ya Binti Asali.

#36 Pampu
Kweli. Ndiyo maana wenye kazi hii hupima unyevu na upepo kila saa hadi moto uishe. Asubuhi unyevu uko juu, unaporomoka hadi saa nane au tisa, ndipo unapanda tena. Kuna kanuni ya kukumbukika kirahisi: nyuzi zaidi ya 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo zaidi ya kilomita 30 kwa saa, usiguse kiberiti. Ila Marshall ungeipita kanuni hiyo bila kukamatwa, joto halikuwepo.

#37 Jani Kavu
Umesikia Swali Jingine? Thelathini ya kwanza ifutwe.

#38 Swali Jingine
Isifutwe. Kanuni iliyoshindwa mara moja inarekebishwa.

#39 Binti Asali
Mkimaliza kubishana mnisaidie hili. Nimefyeka nyasi kuzunguka mizinga yote, upana wa hatua kadhaa, fupi kabisa. Inatosha?

#40 Nguzo
Umezifanyia nini zilizofyekwa?

#41 Binti Asali
Nimeziacha zimelala palepale, zioze ziwe mbolea.

#42 Pampu
Zitoe kesho, dada yangu. Zikiwa hai zilikuwa na maji ya mizizi. Sasa zimekufa na zimelundikana, jua la wiki moja na hewa hii zitakuwa kavu kuliko zile ulizoziacha zimesimama, na ziko chini ya mizinga. Lima hadi udongo uonekane, hasa upande upepo unakotokea na upande wa chini wa mteremko. Moto wa nyasi fupi utakoma hapo. Vijinga vitaruka, kwa hiyo kata pia matawi makavu yanayoning'inia juu ya mizinga, na mashina yaliyooza karibu yatoe, hayo ndiyo yanayopokea cheche na kufuka hadi wewe umeshaondoka.

#43 Fimbo Ndefu
Au niletee hizo nyasi, ng'ombe wanazila leo leo.

#44 Binti Asali
Njoo na gari, Fimbo Ndefu. Ila usije na kiberiti wala hadithi ya mianzi.